Kamba za Baba

Kwenye banda la baba la useremala, Wete, pana msumari wa inchi sita uliopigwa kwenye nguzo ya mlangoni. Hautundikwi msumeno wala shati. Zimetundikwa kamba nyembamba za makumbi, nyengine zimekuwa nyeusi kwa vumbi na jasho la mikono, nyengine bado zina rangi ya nazi kavu. Kila kamba ina mafundo matano. Mteja mgeni akivuta moja ili afungie mbao zake, baba humpigia kelele kama kwamba kashika pochi yake.

Nitazieleza. Kwanza nimweleze dada.

Dada yangu kazaliwa 1983, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu. Mama alishikwa na uchungu Jumatano, dada akatoka Ijumaa, kimya. Sauti yake ya kwanza ilisikika baada ya watu kushakata tamaa na mkunga keshaanza kuomba dua nyengine. Siku hizi najua jina la kilichotokea: mtindio wa ubongo. Ubongo mchanga huumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, mara nyengine kwa kukosa hewa kama hivi, na panapoumia ndipo panapotawala misuli. Hauambukizi. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila mwili ukiachwa ulale tu misuli hukaza na viungo hupinda. Lakini mwaka ule neno hilo halikuwepo kwetu. Yalikuwepo mengine. Palisemwa shetani. Palisemwa mama alipita pahala pabaya wakati wa magharibi. Dada akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya, akafukizwa ubani, akapelekwa kwa mganga aliyetaka mbuzi mweusi. Baba alimtoa huyo mbuzi, na hulisema hilo bila ya kuona haya: “Wangetaka nyumba, ningewapa nyumba.”

Agosti 1988 ilikuwa ya sensa. Nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo haya ni ya kuhadithiwa. Karani kaja na karatasi zake, kamkuta bibi barazani, kamuuliza watoto wa nyumba hii ni wangapi. Bibi akasema wawili. Alihesabu kaka na mimi. Dada alikuwa ndani, juu ya mkeka, nyuma ya pazia. Bibi hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa akimkanda dada mafuta ya nazi kila usiku, na akifa mtoto wa jirani alilia kama wake. Ila kwenye hesabu za zama zake, mtoto yule alikuwa ni jambo la nyumba, si mtu wa kuandikishwa. Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta akipiga randa. Akatoka na mavumbi yake, akasema, “Andika watatu.”

Sitaki kuifanya siku hiyo kubwa kuliko ilivyokuwa. Baba mwenyewe haikumbuki vizuri. Anachokikumbuka yeye ni uji.

Dada alikuwa akilishwa amelala, kichwa kwenye paja la mama, vile vile kama alivyolishwa siku ya arubaini. Kila baada ya siku chache akipaliwa. Kila baada ya miezi kifua kikimbana, akichomwa sindano, akipona, akirudi palepale. Siku moja akapita bwana mmoja wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akizunguka vijijini na madaktari. Akamtazama mama akilisha, kisha akamwambia baba: uji huu unakwenda mapafuni, na mtoto huyu hatouliwa na ulemavu wake, atauliwa na kulala. Akachukua kalamu ya risasi iliyokuwa sikioni mwa baba, akachora juu ya kipande cha mbao mtu aliyekaa.

Baba ni fundi wa milango na vitanda. Kiti cha kwanza alikitengeneza kwa mfenesi, akakitia nakshi mgongoni, kizuri kwa macho. Dada alikaa muda wa kumeza mate, kisha akateleza mzimamzima hadi chini. Kina cha kiti kilikuwa kirefu kuliko paja lake. Kiti cha pili kilimkaza kifuani, akabadilika rangi. Cha tatu ndicho kilichokubali, na hadi leo baba huweza kukueleza kiti hicho kama mtu anayesoma sura aliyoihifadhi: makalio yarudi nyuma kabisa. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote vikae pembe mraba. Nyayo zikanyage ubao, zisining’inie. Katikati ya magoti pawe na kigingi kilichovikwa matambara, miguu isije ikapishana kama mkasi. Ukanda upite nyongani, usipite kifuani. Mbele, meza yenye ukingo, ili mikono ipate pa kuegemea na bakuli lisiruke.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Usiku, kama nyumba zote za Pemba wakati huo, tulikaa duara kwenye jamvi tukichambua, karafuu huku, makonyo kule. Mama akamwekea dada ungo juu ya ile meza, mchezo tu. Dada akaupeleka mkono wa kushoto, ukapotea, ukarudi, ukashika kishada. Alipolikonyoa konyo la kwanza sisi tulikuwa tushamaliza ungo mzima. Lakini alikuwa kakaa. Alikuwa akituona nyuso zetu, si makuti ya paa. Na kifua, tangu mwaka ule, hakikumbana tena kwa namna ile.

Habari ya kiti ikatembea. Hapo ndipo zilipoingia kamba.

Watoto wenye mtindio wengi wao hushtuka upesi. Mlango ukipigwa mwili wote hukakamaa. Baba alimpima mtoto wa pili kwa futikamba ya chuma, ile inayojirudi yenyewe. Ilipojirudi, chwap, mtoto akawa gogo, na upimaji wa siku hiyo ukaishia hapo. Toka siku ile akaacha chuma, akachukua kamba ya makumbi, isiyo na sauti wala baridi. Hushika ncha moja na kufunga fundo kwa kila kipimo: makalio hadi nyuma ya goti, goti hadi unyayo, upana wa nyonga, kitako hadi kwapani, kitako hadi utosini. Hupima akimsemesha mtoto habari za mbuzi na mvua. Kisha kamba huja bandani, na kiti kikishatoka, haitupwi. Mtoto atakua, kiti kitamkataa, fundo la zamani litaonyesha kakua wapi na kapinda wapi.

Kuna watu watakaokwambia baba ni mwanaharakati. Neno hilo humchekesha. Hakuwa akisubiri kuitwa, hilo ni kweli. Alikuwa na baiskeli na alikuwa na njia yake. Hakugonga mlango akauliza kama kuna mtoto mlemavu, kwani jibu alilijua. Aliomba maji ya kunywa, akakaa barazani, akazungumza bei ya karafuu mpaka wenyeji wachoke.

Nilipokuwa na miaka kumi alinichukua nyuma ya ile baiskeli tukaenda kijiji ambacho sitakitaja. Mama wa nyumba katuletea maji, kasema ana watoto watano, wote wako chuoni, kwenye Kurani. Jikoni pakakohoa mtu. Baba akaendelea na habari ya mvua. Pakakohoa tena. Baba akaweka bilauri chini, akasema, bila ya kumtazama yule mama, “Mimi wangu ana miaka kumi na mitatu. Wako ana mingapi?”

Alikaa kimya kiasi cha mtu kusali rakaa mbili. Akasema, “Saba.”

Nilitarajia kuona kitu cha kutisha. Nilimwona mtoto wa kike kwenye mkeka wa jikoni, kasukwa nywele mistari midogo midogo iliyonyooka kama imepigwa kwa rula, ananukia mafuta. Hakuna mtoto kijijini mle aliyesukwa vile. Mama yake alikuwa akimsuka ndani ambamo hapana mtu wa kumwona. Tangu siku hiyo nikisikia wahubiri wa semina wakisema wazazi wa vijijini hawawapendi watoto wao, huzitoa nywele zile kichwani mwangu nikazitazama. Kufichwa na kutupwa si mamoja. Yule mama hakuwa akimfichia mtoto jua. Alikuwa akimfichia midomo ya watu.

Midomo hiyo ina methali yake, na hii nayo nina neno nayo. Akipita mtu mwenye ulemavu husemwa, “Hujafa hujaumbika.” Hutajwa kwenye hotuba pia, tena kwa nia njema. Baba haipendi hata kuisikia. Jirani mmoja aliyekuwa na mazoea ya kumwita dada kwa jina la aibu alianguka mkarafuu, akavunjika nyonga, akawa mtu wa magongo. Mtaa mzima ukanong’ona ile methali kwa raha. Baba akamtengenezea jirani yule magongo, na akatukataza sisi: methali hiyo ni ya kutishana. Inamfanya dada yenu kuwa adhabu inayomngoja mwengine. “Huyu keshaumbika,” alisema. “Kaumbwa, kesha.”

Chuoni hakukuwa na taabu kubwa. Maalimu alisita, akasema mtoto huyu hana hesabu ya kuulizwa mbele ya Mungu, kwa nini tumsumbue. Baba akamsomea mwanzo wa sura ya Abasa, Mtume alivyokanywa kwa kumkunjia uso kipofu aliyemjia. Kipofu yule, Ibn Umm Maktum, baadaye alikuwa akiadhini Madina pamoja na Bilali. Maalimu aliijua sura kuliko baba. Akacheka, akasema, “Mlete.”

Skuli ilikuwa mlima. Mwaka 1991 baba alimbeba dada mgongoni hadi kwa mwalimu mkuu. Mwalimu yule hakuwa na ubaya, alikuwa na darasa lililojaa hadi dirishani na nusu yao wakikaa chini. Akasema: tutampokea wapi? Baba alikuwa kijana siku ya Septemba 23, 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila ya malipo Zanzibar, siku ambayo hadi leo hufanyiwa tamasha kila mwaka. Akamwambia mwalimu mkuu: Mzee hakusema kila mtoto anayepanda ngazi.

Ngazi ndizo zilizokuwa tatizo, kwa kweli. Baba akatengeneza njia ya mtelezo ya mbao kwa gharama zake. Wa kwanza kuipenda walikuwa mbuzi. Wa pili, watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa wakitelezea makalio hadi kaptula zikatoboka. Mwezi wa pili ikaibiwa, na harufu ya mfenesi unaoungua tuliisikia mtaa huo huo. Akatengeneza nyengine. Dada alisoma pale miaka minne, hadi mwalimu aliyemkubali alipohamishwa na aliyekuja akasema hawezi. Herufi alizishika zote. Kuandika mkono ulikataa.

Mwaka 1994, dada bado yuko darasani, mataifa yalikutana Salamanca, Hispania, yakakubaliana kwamba skuli za kawaida zimpokee kila mtoto. Kwetu jambo hilo likaja kuitwa elimu mjumuisho na likaanza kuonekana miaka ya 2000. Dada alikuwa keshapita ishirini. Silalamiki, naeleza tarehe tu.

Ila majengo mapya yalipoanza kuwekewa njia za mtelezo, baba alipata kazi ya uzeeni: kuzipima. Hapo aliitoa tena ile futikamba ya chuma. Nilikuwa naye kwenye jengo moja jipya, rangi bado haijakauka. Ngazi tatu za inchi sita, yaani futi moja na nusu kwenda juu. Kipimo kinachotumika pahala pengi ulimwenguni ni futi moja ya kupanda kwa futi kumi na mbili za mteremko, kwa hiyo hapo panatakiwa futi kumi na nane. Fundi alikuwa kajenga futi nne. Baba akaipima mara mbili, akamwita yule fundi, akamwambia kwa upole, “Mwanangu, hii si njia, huu ni mtego. Kaa kwenye kigari nikusukume.” Fundi hakukaa. Chooni mlango ulikuwa na inchi ishirini na nne, kigari hakipiti. Jengo lilifunguliwa vivyo hivyo, kwa hotuba na keki.

Ilipotoka Sheria Namba 9 ya 2006 ya haki na fursa za watu wenye ulemavu Zanzibar, nilimpelekea nakala. Disemba ya mwaka huo Umoja wa Mataifa nao ukapitisha mkataba wake, ambao Tanzania iliuridhia 2009. Aliisoma sheria kwa miwani ya mama, siku mbili. Akaniuliza: mteremko wamesema uwe mrefu kiasi gani? Nikamwambia sheria haiandikwi hivyo, hayo huja kwenye kanuni. Akaikunja, akaitia kwenye sanduku la patasi, na popote anapokwenda kupima huwa nayo. Haifungui. Huiweka juu ya meza ya mwenyeji kama mtu anayeweka kadi ya mwaliko.

Sasa nimtaje mama, kwani hadithi hii ikisimuliwa na wengine huwa hayumo. Baba kaitwa majukwaani, kapewa vyeti viwili vilivyoko ukutani. Mama hakuitwa popote. Mama ndiye aliyemwogesha dada kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini na moja, akamgeuza usiku, akamsafisha, akamtafunia chakula. Mbao za viti vya watoto wa watu zilinunuliwa kwa pesa ambazo mara nyengine zilikuwa za unga, na ugomvi wa jambo hilo niliusikia mara nyingi kupitia ukuta. “Viti haviliki,” alikuwa akisema. Alifariki 2014. Wiki ile baba hakugusa randa. Alikuwa akijifunza kumwogesha mtoto wake mwenye miaka thelathini na moja, naye hajui hata maji huwa ya moto kiasi gani. Mwisho wake mke wa kaka, anayekaa nyumba ya pili, akalichukua jambo hilo mikononi mwake, kwa heshima ya dada na kwa kumwonea baba haya.

Kuna jengine. Watu wenye ulemavu wenyewe walikuwa na umoja wao Zanzibar, UWZ, tangu 1985, miaka miwili tu baada ya dada kuzaliwa. Baba alichelewa sana kuwafikia. Siku moja, mkutanoni Chake Chake, alisimama akaeleza kwa dakika ishirini anachokitaka mwanawe: skuli, njia, choo, kazi. Alipokaa, mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kigari akamuuliza, “Mzee wangu, ulishamuuliza mwenyewe?”

Alirudi nyumbani na hasira. Kasema mwanamke yule hana adabu. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu nikamkuta bandani kamkokota dada hadi kwenye ule msumari, kashika kamba moja iliyosawijika, anamuuliza hii ni ya nani. Nadhani alikuwa akitafuta tu pa kuanzia. Dada husema kwa taabu, maneno hutoka yamevutwa, kama ya mtu anayesema huku kabeba gunia. Akasema jina la mtoto, kijiji chake, na kwamba fundo la tatu ni nyonga, si goti. Baba akachukua nyengine. Akaijua. Ikawa anazijua zote, kwani miaka yote ile alikuwa kakaa pale kwenye kiti chake akisikiliza, na hapana aliyemdhania.

Tangu hapo yeye ndiye daftari. Pia alisema anachokitaka, alipoulizwa. Alitaka redio yake mwenyewe, na kiti chake kigeuzwe kitazame barabara badala ya baba.

Katika watu 1,889,773 waliohesabiwa Zanzibar mwaka 2022, watatu walikuwa nyumbani kwetu. Nilikuwa nimetoka Unguja siku mbili kabla. Karani alikuwa msichana, kavaa kizibao, mkononi kishikwambi. Akauliza nani kalala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Baba akasema, watatu, akatutaja.

Maswali ya dada yalikuwa mengi. Ana shida ya kuona, hata akivaa miwani? Hana. Kusikia? Hana. Kutembea: hana shida, shida kidogo, shida kubwa, au hawezi kabisa? “Hawezi kabisa,” baba kasema, upesi, kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Kukumbuka? Baba akacheka. Akamwambia karani aende mlangoni achague kamba yoyote. Karani akasema, “Babu, nina nyumba nyingi bado,” lakini akaenda, akarudi na moja, na dada akamwambia ni ya nani, na kwamba mtoto huyo sasa ana mke.

Kuwasiliana: akisema, watu wanamfahamu?

“Wanaotaka kumfahamu wanamfahamu.”

“Sasa niandike nini, babu?”

Baba akafikiri. “Shida kidogo. Lakini si yake.”

Ikaja zamu ya baba mwenyewe, mwenye miaka sabini na miwili. Kuona, kidogo. Kutembea, kidogo. Kukumbuka?

“Mimi? Hata.”

Mwaka ule alikuwa kakata ubao mmoja mara mbili kwa kiti kilekile. Mimi akiniita kwa jina la kaka. Mwezi wa Julai alikwenda kumpima mtoto Konde, akarudi, na baada ya siku tatu akafunga safari kwenda kumpima tena.

Dada akasema neno moja. Karani akanitazama mimi, kama wanavyofanya watu wote. Nikafungua mdomo nimfasirie, baba akaniwahi.

“Muulize mwenyewe.”

Karani akavuta kigoda, akainama mbele ya ile meza yenye ukingo. Dada akalirudia, polepole, mate yakimtoka.

“Kidogo,” kasema.

Baba alikuwa na ile kamba ya karani mkononi, akiipapasa mafundo, moja baada ya jengine.

“Andika,” kasema.